Motere ya ndege isiyo na ndugu: tutapata wapi revizio yake?

Mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya hautasema juu ya kofia ya kazi wala juu ya maji ya kuchemsha. Utasema juu ya motere ya ndege ndogo. Najua wengine watacheka: munganga ameacha sindano, ameshika kele! Ngojeni kidogo, mtaona njia inatokea wapi.

Miaka michache iliyopita, katika wakati wa mvua, nilikuwa nikifanya kazi kwenye shantie moja ya mbali. Usiku mfanyakazi mmoja alibanwa na mawe na mfupa wa paja ukavunjika. Paja la mtu mzima laweza kuficha lita moja ya damu na zaidi, nje usione kitu. Tulimfunga mguu kwa mbao, tukamtia serumu, kisha tukaita kwa radio ndege ya viti vinne iliyozoea kubeba wagonjwa wa upande ule. Jibu lilikuja: ndege ipo, motere haipo. Ilikuwa imefunguliwa tangu miezi saba, vipande vyake vimepangwa juu ya meza, vinangoja. Tukamlaza mgonjwa ndani ya jeep. Masaa kumi na moja kwa barabara ya matope. Aliishi, Mungu asifiwe, lakini mguu mmoja ulibaki mfupi, na kazi ya chini ya ardhi ilimwishia siku ile.

Baadaye nilipata nafasi ya kumwuliza mekanisie wa ndege ile, mzee mwenye nywele nyeupe. Nilisema: «Papa, ndege za wengine zinarudi angani kwa miezi miwili tu. Yenu ina shida gani?» Hakukasirika. Akaniuliza: «Munganga, kama umepata mgonjwa mwenye damu ya resusi hasi, unafanya nini?» Nikajibu kwamba kwetu watu wa damu hiyo ni wachache, basi tunaanza kutafuta ndugu zake. Akasema: «Motere yangu ni ya Franklin. Hapa haina ndugu.» Alinifundisha mchana mzima, kisha akaniazima vitabu vyake. Nilioyasoma ndiyo ninawapa leo, maana katika ateliye zetu pia kuna kompresere na pompi zisizo na ndugu.

Kwanza mjue namna motere inavyoweza kuwa yatima. Franklin haikuwa motere mbaya. Kompanyi ya H. H. Franklin, katika mji wa Syracuse, Marekani, ilitengeneza motokari ambazo motere zake zilipozwa kwa upepo, si kwa maji. Ilianguka mwaka 1934, lakini mainjinia wake wakaendelea na motere za ndege kwa jina la Air-Cooled Motors. Baada ya vita, motere zao zilienea: ndege Stinson 108, iliyotengenezwa zaidi ya 5.000, ilikuwa na Franklin ya nguvu za farasi 150 ao 165. Ndege ya majini Republic Seabee ilikuwa na ile ya farasi 215. Na helikopta Bell 47, ambayo mwaka 1946 ilikuwa ya kwanza kupata cheti cha kazi ya kiraia Marekani, ilianza nayo pia.

Kisha katika 1947 Preston Tucker, mtu aliyetaka kutengeneza motokari ya namna mpya, alinunua kompanyi hiyo ili apate motere ya gari lake. Motere ya helikopta ikageuzwa ipozwe kwa maji. Gari zilizokwisha zilikuwa kama hamsini tu, na mwaka 1949 shughuli ya Tucker ilikuwa imekufa. Kazi ya motere za ndege ilibaki ikiyumba. Iliuzwa tena 1961, ikaitwa Franklin Engine Company, na mwaka 1975 ikafunga milango. Nchi ya Poland ndiyo iliyonunua haki zake, na kazi ikahamia kiwanda cha PZL katika mji wa Rzeszów. Huko ndege ndogo Koliber ilipewa Franklin ya silinda 4.

Oneni basi. Kosa halikuwa la chuma. Makaratasi, mashini na watu wenye ujuzi walitawanyika juu ya mikono mingi na nchi mbili, na wakati huo ndege nyingi ulimwenguni zikazoea Lycoming na Continental. Mwenye Lycoming O-360 akiomba silinda, anachagua kati ya wauzaji. Mwenye Franklin anaomba, halafu anangoja barua.

Sasa, revizio kubwa ni nini? Wengi wanafikiri ni kubadili mafuta, buji na pete za pistoni. Hapana. Kwa sheria ya Marekani, motere haiitwi kuwa imepita revizio kama haikufunguliwa, haikusafishwa, haikupimwa, haikutengenezwa panapohitajika, haikufungwa tena na kujaribiwa, kwa kufuata maandiko yaliyokubaliwa. Kutoa silinda tu na kuacha tumbo la motere limefungwa ni kazi nyingine, ndogo. Na neno «imefanywa mpya, masaa sifuri» ni la mtengenezaji mwenyewe ao yule aliyemruhusu. Mtu wa ateliye ya kawaida akikuandikia masaa sifuri, mwulize ruhusa hiyo aliipata wapi.

Ndani ya revizio, kila kipande kinapita kwa munganga wake. Vilebrekini, ule mhimili uliopindapinda unaozungusha elisi, ni cha feleji. Kinasafishwa, kinatiwa sumaku, kinamwagiwa unga wa chuma wenye kung'aa. Palipo na ufa mdogo kuliko unywele, unga unajikusanya kama mchwa. Karteri ni ya aluminium, sumaku haiikamati. Hiyo inapakwa maji ya rangi yanayoingia katika ufa na kuonekana chini ya taa maalum. Kisha wanapima kwa mikrometa na kulinganisha na meza ya vipimo iliyo katika kitabu cha motere. Mnaelewa? Pasipo meza ile, mekanisie ni kama mimi nikipima tansio ya mtu bila kujua tansio ya mtu mzima ni ngapi.

Kwa hiyo, unapotafuta msaada wa motere ya haba, usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa plake ya motere. Andika kila herufi na kila namba kama ilivyo, usiongeze, usipunguze. Mzee alinionyesha mtego wa Franklin yenyewe. Katika jina 6A4-165, namba ya mwisho ni nguvu za farasi. Katika jina la baadaye, 6A-350, namba ya mwisho si farasi. Ni ukubwa wa silinda zote kwa inchi za mraba-tatu, yaani kama lita 5,7, na nguvu yake ni farasi 220. Vilevile 4A-235 si ya farasi 235; ina farasi 125 hivi. Mtu anayeomba vipuri kwa kusema tu «Franklin ya silinda sita» atapokea sanduku la vitu vizuri visivyoingia mahali pake, na forodha atakuwa amekwisha kuilipa.

Baada ya plake, kusanya vitabu vya maisha ya motere: ilizunguka masaa mangapi, ilifunguliwa lini, elisi iliwahi kugonga chini ao hapana. Hilo la elisi msilifiche. Elisi ikigonga udongo, hata kama motere inawaka vizuri baadaye, vilebrekini chaweza kuwa kimepasuka ndani. Lycoming inaagiza motere yake ifunguliwe na kuchunguzwa baada ya jambo kama hilo. Mwenye ndege anayemficha mekanisie habari hiyo ni kama mgonjwa anayeficha kwamba alianguka juu ya mti akasema ana homa tu.

Kisha uliza: ni nani leo anashika cheti cha aina ya motere hii? Huyo ndiye baba wa motere kwa sheria. Ndiye anayeweza kusema kipimo fulani kikubaliwe ao kikataliwe. Pamoja na hilo, tafuta maandiko matatu: kitabu cha revizio, katalogi ya vipuri, na barua za mtengenezaji pamoja na amri za usalama zilizotolewa na serikali. Maandiko haya ni ya thamani kuliko sanduku la pistoni. Hapa kwetu mkaguzi wa Autorité de l'Aviation Civile ndiye wa kuulizwa mapema kazi ipi itakubaliwa na karatasi zipi atataka kuona. Kumwuliza baada ya kazi ni kujitafutia hasara.

Wapi pa kupata watu wenye ujuzi? Mzee alianza kwa wenye ndege za namna ile. Wenye Stinson na wenye Seabee wana vyama vyao, na ndani yake mna watu waliokula mafuta ya motere hizo miaka arobaini. Hao wanajua ateliye ipi ilifanya kazi nzuri na ipi ilirudisha motere ikivuja. Usichague ateliye kwa ukubwa wa jengo. Mwulize shefu wake maswali ya uso kwa uso. Motere ya aina hii hasa, mliifunga lini mara ya mwisho? Meza ya vipimo mnayo, nionyesheni? Vipande gani mnapeleka nje kwa wengine? Na swali ambalo wengi wanasahau: mtanirudishia karteri na vilebrekini changu mwenyewe, ao mtabadilisha na cha mwingine?

Kwa motere ya kawaida kubadilisha ni jambo jema, unapata motere tayari upesi. Kwa motere ya haba ni hatari. Kipande chako, ulichojua historia yake, kinaondoka, na hujui kinachokuja kilikula nini. Mzee yule hakutupa kitu. Hata silinda iliyopasuka aliipaka mafuta, akaifunga katika nailoni na kuandika juu yake siku na sababu. Alisema: kesho huenda mtu akajua kuitengeneza, ao nitahitaji kipimo chake.

Sasa nije kwa jambo lililoshika ndege ile miezi saba. Vilebrekini chake kilikuwa kimechakaa kidogo pale panapozunguka ndani ya metali laini. Dawa yake inajulikana: kukichonga kwa mashini, kwa mfano sehemu kumi za elfu ya inchi, ndiyo milimita 0,25 hivi, kisha kutia metali nene kwa kiasi hicho hicho. Ateliye ilikuwa tayari kuchonga. Kijana mmoja tayari alikuwa amekipakia kwenye gari. Mzee akasimamisha gari. Aliuliza: hizo metali nene, nani ameziona kwa macho? Hakuna aliyeziona. Katalogi ilizitaja, ndiyo, lakini magazini hakuna iliyokuwa nazo. Kama wangechonga siku ile, wangebaki na vilebrekini ambacho hakiingii metali ya zamani wala hakina mpya, na hakuna mashini ya kurudisha chuma kilichokwisha kuchongwa. Kwa haraka ya wiki moja wangeua motere milele.

Wakubwa wake walimlaumu sana kwa kuchelewesha. Nami, niliyekaa masaa kumi na moja na mgonjwa ndani ya jeep, nilitaka kumlaumu pia. Lakini sikuweza. Hata sisi hatufungui tumbo la mtu kabla ya kujua damu ya kumwongeza iko.

Wakati wa kungoja ndipo majaribu yanapokuja. Watu wawili walimletea mzee metali «zinazokaribia». Mwingine alileta bulo za milimita 8 mahali pa bulo za inchi 5 kwa 16. Sikilizeni vizuri, ninyi wa ateliye, maana hili ni letu pia. Inchi 5 kwa 16 ni milimita 7,94. Kwa macho, na hata kwa kidole, ni sawasawa na 8. Lakini meno yake si mamoja. Nati itashika meno mawili ao matatu, utaikaza, utaona imekaza, na siku mashini itakapotetemeka sana itaruka. Katika motere ya gari utasimama kando ya barabara. Kwa ndege hakuna kando ya barabara.

Na tusifikiri kwamba ni ndege ndogo tu. Tarehe 8 Septemba 1989, ndege Convair 580 ya kompanyi Partnair iliyotoka Oslo kwenda Hamburg ilianguka baharini, watu 55 wakafa wote. Wachunguzi walikuta katika mkia wake bulo na pini za bandia, zilizokuwa laini kuliko ilivyotakiwa. Katika 2023 ikajulikana kwamba kompanyi moja ya Uingereza, AOG Technics, ilikuwa imeuza vipuri vya motere kubwa za jeti vyenye karatasi za uongo, na kompanyi za nchi nyingi zikalazimika kutafuta ndani ya motere zao. Kipuri cha kweli kinakuja na cheti chake: cha Marekani kinaitwa 8130-3, cha Ulaya kinaitwa EASA Form 1. Namba iliyo juu ya cheti iwe namba iliyo juu ya kipuri. Cheti cha fotokopi kisichosomeka, kifunge, kirudishe.

Kuna njia nyingine mbili ambazo si za uongo. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye ndege kutengenezewa kipuri kwa ajili ya ndege yake mwenyewe, mradi ashiriki kweli katika kazi hiyo, kwa michoro, kwa chuma cha namna ile ile, na kwa vipimo vinavyoweza kuonyeshwa. Njia ya pili ni kutoa motere ya haba na kutia ya kawaida, kwa cheti cha nyongeza kilichokwisha kukubaliwa kwa ndege ile: Stinson nyingi zilipewa Lycoming ao Continental kwa njia hiyo. Inagharimu pesa nyingi. Uzito unabadilika, elisi inabadilika, hesabu ya kupakia mizigo inabadilika. Lakini kwa ndege inayobeba wagonjwa, nadhani mwenye mali afanye hesabu hiyo mapema, kabla motere ya zamani haijafa juu ya meza.

Motere inayongoja nayo inaumwa. Ikikaa kimya katika mvua zetu, kutu inaila ndani. Papa mekanisie alikuwa akiwatia mafuta ya kuhifadhi wote, namaanisha vipande vyote, na kuziba matundu ya buji kwa vizibo vyenye chembe za kunyonya maji. Chembe zikiwa za buluu ni kavu. Zikigeuka rangi ya waridi, zimeshiba maji, zibadilishwe. Nilizoea kuzitazama kila nilipopita, kama ninavyotazama termometa ya frigo ya chanjo.

Nisimalize bila afya ya hao wanaofungua motere, maana ndiyo kazi yangu hasa. Esansi ya ndege za pistoni, ile ya buluu inayoitwa 100LL, ingali na risasi ndani, mpaka gramu 0,56 kwa lita moja. Ya magari ilikwisha kuondolewa risasi ulimwenguni kote. Nchi ya mwisho, Algeria, iliacha 2021. Basi kijana anayenawa mikono kwa esansi ya ndege kwa sababu inaondoa grisi vizuri, anajipaka risasi, nayo inapita katika ngozi. Majivu ya rangi ya kijivu ndani ya silinda na juu ya buji ni risasi pia. Usiyapulize kwa hewa ya kompresere, usile mkate ukiwa na mikono hiyo, na salopeti isifuliwe pamoja na nguo za watoto. Tumbo kunyonga, choo kigumu, uchovu, kiganja kulegea: njoo dispansari, useme unafanya kazi gani, tukupime damu. Watoto wanaumia zaidi, hata bila dalili.

Wengine wanasafisha vipande kwa trikloroetilene katika chumba kilichofungwa. Dawa hiyo inalevya na inaleta kansa. Fungueni madirisha, tumieni glavu, na kama kuna dawa nyingine katika kitabu cha motere, chagueni ile. Wengine wanapiga vipande kwa mchanga wa kompresere. Wachimbaji, ninyi mnajua mchanga unafanya nini ndani ya mapafu. Ndani ya motere unafanya vilevile: chembe zikibaki katika vijia vya mafuta, zinakula metali mpya kwa masaa machache, na miezi saba inaanza upya.

Na elisi, hata ya motere iliyozimwa, msiishike ovyo. Waya mmoja wa manyeto ukikatika, motere inaweza kuwaka ukiizungusha kwa mkono kidogo tu.

Metali nene zilifika mwezi wa kumi na mbili, seti moja, kutoka kwa mwenye Stinson mmoja wa mbali aliyekuwa amezihifadhi miaka mingi. Mzee alizipima zote kabla ya kumruhusu kijana kupeleka vilebrekini kuchongwa. Ndege ile ilinichukulia mgonjwa mara ya kwanza tena mwezi wa nne, mama mwenye uchungu wa siku mbili. Safari ilikuwa dakika hamsini, na mtoto alizaliwa usiku huo hospitalini kwa upasuaji.

Mwenye swali juu ya risasi, dawa za kusafishia ao vipimo vya damu, apite dispansari asubuhi kabla ya saa nne, ao aandike kwa biro ya usalama.